Safari Yetu ya Kazan na Daftari la Bibi Mwalimu

 

Mwezi wa Juni Mwenyezi Mungu alituruzuku safari ambayo hatukuitarajia. Kijana wetu wa tatu anasomea udaktari katika mji wa Kazan, nchini Urusi, na mama yake alikuwa hajamtia machoni kwa muda wa miaka mitatu. Akiba tuliyoiweka kwa ajili ya kuezeka upya paa la nyumba ikageuka kuwa tikiti mbili za ndege. Tukatoka Mombasa, tukapitia Istanbul, na siku ya pili tukateremka Kazan, mji uliokuwa zamani makao makuu ya ufalme wa Watatar Waislamu. Tulikwenda tukidhani kuwa twaenda kumwona mtoto na kutazama athari za dola iliyokwisha. Tumerudi na deni shingoni, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu wiki hii.

Saa moja, jua mbalimbali

Jambo la kwanza lililotustaajabisha ni saa. Kazan iko mbali kaskazini, mahali unapokutana mto Kazanka na ule mto mkuu wa Volga, ambao Watatar wenyewe huuita Idel. Hata hivyo saa yao ni ile ile ya Kenya. Hatukugeuza mshale hata kidogo. Lakini jua lao silo letu. Mwezi wa Juni, jua la Kazan huchomoza yapata saa tisa za usiku, na halitui mpaka saa mbili na nusu usiku.

Usiku wa kwanza tulilala kwa uchovu wa safari, tukasema tutaamka alfajiri kama desturi. Tukaamshwa na jua la machoni. Tulipoitazama saa ya ukutani, ilituonyesha saa tisa na robo usiku. Tukadhani imesimama. Kumbe aliyesimama ni sisi. Alfajiri ilikuwa imepita zamani, ikatubidi tulipe sala yetu, na mama watoto akacheka kwa kusema kwamba sheikh amefika Urusi na adhana imempita.

Tulijifariji kwa kukumbuka kuwa hatukuwa wageni wa kwanza kutatizwa na usiku ule mfupi. Mnamo mwaka 921, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alituma ujumbe kwa mfalme wa Wabulghari wa mto Volga, ambao Watatar wa Kazan hujihesabu kuwa ni warithi wao. Katika ujumbe ule alikuwamo Ibn Fadlan, aliyeandika khabari za safari yake. Naye alishangaa kuona wekundu wa magharibi haupotei, na alfajiri imekwisha kubisha hodi. Swali likabaki kwa karne nyingi: ikiwa shafaki haizami, je, sala ya isha yawajibika? Wako wanazuoni waliosema haiwajibiki kwa kuwa wakati wake haukuingia. Mwanachuoni mkubwa wa Kazan, Sheikh Shihabuddin Marjani, aliyezaliwa 1818 na kufariki 1889, aliandika kitabu kizima kuitetea isha kwamba ni faradhi hata shafaki isipozama. Hapo ndipo tulipoanza kuwastahi watu wale. Katika nchi ambayo usiku wenyewe unakimbia, hawakutaka kuipoteza hata sala moja.

Na jambo la pili ni kibla. Sisi wa Mombasa huelekea kaskazini. Wao huelekea kusini, kwa kupinda kidogo kuelekea magharibi. Maana yake ni kwamba tunaposimama kusali, sisi na wao tumekabiliana kama safu mbili zinazotazamana, na Al-Kaaba Tukufu iko baina yetu. Tulipomweleza mama watoto haya, alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Basi siku zote hizi nilikuwa nikielekea upande wa mwanangu.»

Ngome nyeupe na mnara ulioinama

Kijana wetu alitupeleka kwanza kwenye ngome, ambayo wao huiita Kremlin. Ni ngome ya kuta nyeupe juu ya kilima, ndani yake muna msikiti na kanisa kuu, na tangu mwaka 2000 imetiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu. Hapo ndipo walipokaa makhan wa Kazan, na khan ni kama kusema sultani. Dola yao ilisimama katika karne ya 15, baada ya kuvunjika ile dola kubwa ya Wamongoli iliyojulikana kwa jina la Golden Horde, ikadumu kwa zaidi ya miaka 100. Ilikuwa dola ya biashara, ya manyoya, ngozi na nafaka, na soko lake lilikutanisha wafanyabiashara wa Urusi, wa Asia ya Kati na wa Uajemi.

Mwaka 1552 Tsar Ivan wa Nne, yule ambaye historia imempa lakabu ya Ivan wa Kutisha, aliuzingira mji kuanzia mwisho wa Agosti. Watu wake wakachimba chini ya kuta na kutia mapipa ya baruti. Mwanzoni mwa Oktoba kuta zikalipuliwa na mji ukaingiwa. Imamu mkuu wa mji, Kul Sharif, aliyekuwa sharifu, mwanachuoni na mshairi, aliuawa akiutetea mji pamoja na wanafunzi wake. Misikiti ikabomolewa, na Watatar waliosalia wakatolewa nje ya kuta.

Ndani ya ngome ile kuna mnara wa matofali mekundu wa tabaka saba, unaokaribia mita 58 kwenda juu, nao umeinama kiasi cha mita mbili hivi. Waitwa Mnara wa Suyumbike. Kila mgeni husimuliwa kisa chake: kwamba Ivan alimtaka malkia Suyumbike amwoe, malkia akashurutisha ajengewe mnara kwa siku saba, na mnara ulipokwisha akapanda kileleni akajitupa. Mama watoto alisikiliza kisa hicho mpaka mwisho, kisha akauliza swali lililotufurahisha: «Na mwanawe je? Mama gani atajitupa akamwacha mtoto?»

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko kisa. Suyumbike wa kweli alikuwa binti wa Yusuf, mkuu wa kabila la Wanogai. Mumewe, Khan Safa Giray, alipofariki mwaka 1549, mwana wao Utamish alikuwa bado mtoto mdogo. Mama akaushika utawala kwa niaba ya mwanawe kwa muda wa miaka miwili, katika siku za shida kubwa mno. Mwaka 1551, yaani mwaka mmoja kabla mji kuanguka, yeye na mtoto walitolewa wakapelekwa Moscow. Huko mtoto akabatizwa na kuitwa Alexander, akafa kijana mwaka 1566, na kaburi lake limo ndani ya kanisa miongoni mwa makaburi ya watawala wa Moscow. Mama akaozwa Shah Ali, mtu wa Moscow, na hakurejea tena Kazan. Kwa hiyo hakujitupa kutoka juu ya mnara. Lililomfika ni zito zaidi: alinyang'anywa mtoto, akaishi akijua kuwa mwanawe analelewa katika dini isiyo yake. Tulimwona mama watoto akimshika kijana wetu mkono wa kanzu, kama alivyokuwa akimshika sokoni alipokuwa mdogo.

Hatua chache kutoka hapo umesimama Msikiti wa Kul Sharif, uliopewa jina la yule imamu. Kuba lake ni la rangi ya feruzi na minara yake mikubwa minne ni myeupe. Ulianza kujengwa 1996 ukafunguliwa 2005, mji ulipoadhimisha miaka 1000. Tulisali humo adhuhuri, na siku ya Ijumaa tukarudi kwa sala ya jamaa. Watatar ni wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambao huitikia «Amin» kimyakimya. Kijana wetu alikuwa ametuonya, nasi tukasahau. Imamu alipomaliza Alhamdu, tukatoa «Amin» ya Kimombasa iliyokwenda mpaka kwenye kuba ikarudi. Baada ya sala mzee mmoja alikuja kutushika mkono akicheka, akauliza tumetoka Misri au Indonesia. Tulipomwambia Kenya, akaweka mkono kifuani.

Dini ilikaa wapi?

Tulipotoka, swali moja lilituganda moyoni. Msikiti ule mzuri una umri wa miaka 20 hivi. Ule wa asili ulianguka 1552. Katikati yake zimepita zaidi ya karne nne. Je, kwa muda huo wote dini ilikaa wapi?

Jibu tulianza kulipata katika mtaa wa kale wa Watatar, kando ya ziwa la Kaban, huko walikokwenda waliotolewa ngomeni. Mtaa una nyumba za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, buluu na manjano, madirisha yamenakshiwa kama milango yetu. Hapo upo Msikiti wa Marjani, uliojengwa baina ya 1766 na 1770, nao ndio msikiti wa mawe wa kwanza kuruhusiwa Kazan tangu mji uanguke. Malkia Catherine wa Pili alifika mjini mwaka 1767 na kuwapa Waislamu ruhusa ya kujenga. Wenyeji husimulia kwamba walipotokea watu wa kushtaki kuwa mnara unapandishwa juu mno, malkia alijibu kwamba yeye hutawala ardhi, ama mbingu hana amri nayo. Mnara wenyewe umechomoza katikati ya paa, ndiyo desturi ya misikiti ya Kitatar. Sheikh Marjani alikuwa imamu wa hapo tangu 1850, na jina lake likabaki.

Lakini kabla ya ruhusa hiyo hali ilikuwaje? Katika miaka ya 1740 palikuwa na ofisi maalumu ya serikali ya kuwabatiza watu, na kati ya misikiti 536 iliyohesabiwa katika wilaya ya Kazan, 418 ilibomolewa. Na baadaye, katika karne ya 20, ulipokuja utawala wa Kikomunisti, misikiti ikafungwa tena, mmoja baada ya mwingine, mpaka katika mji mzima wa Kazan ukabaki huu wa Marjani peke yake. Wanazuoni wengi walifungwa au kuuawa. Na hata herufi zikabadilishwa: Watatar waliokuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu Kiswahili, walitiwa katika herufi za Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha mwaka 1939 katika herufi za Kirusi. Mjukuu akawa hawezi kusoma barua ya bibi yake.

Watu wanaobomolewa misikiti mara mbili na kubadilishiwa herufi mara mbili wangepaswa kuwa wamekwisha sahau. Hawakusahau, na sababu kubwa ilikuwa ndani ya nyumba.

Watatar wana neno «abistai». Kwa asili ni mke wa imamu, au mwanamke mwenye elimu ya dini. Mumewe aliwasomesha wavulana madrasani, naye abistai akawakusanya wasichana nyumbani kwake, akawafunza herufi, sura, tohara, sala na adabu, huku mkono mmoja ukiendelea na kazi za jikoni. Kazan ilikuwa na matbaa za herufi za Kiarabu tangu mwanzo wa karne ya 19, na misahafu yake ikasambaa mbali. Lakini vitabu vilivyoingia katika kila nyumba ni viwili vidogo: kimoja huitwa Iman Sharti, ndiyo nguzo za imani na herufi za kuanzia, na cha pili Haftiyak, ndiyo sehemu moja ya saba ya Qur'ani kwa wanaojifunza, kama juzuu Amma ilivyo kwetu.

Miongoni mwa nyumba hizo ndimo walimotoka wanawake wakubwa. Mukhlisa Bubi, aliyezaliwa 1869 katika kijiji cha Izh-Bubi, aliongoza huko madrasa ya wasichana iliyotoa walimu wanawake, mpaka polisi wa Tsar walipoifunga madrasa ya kijiji mwaka 1911. Aprili 1917 wanawake wa Kiislamu kutoka pande zote za Urusi walifanya mkutano wao mjini Kazan, na mwezi uliofuata, katika mkutano mkuu wa Waislamu huko Moscow, Mukhlisa akachaguliwa kuwa kadhi pamoja na wanazuoni wanaume. Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua kuwa kadhi huwa ni mwanamume. Imam Abu Hanifa aliruhusu hukumu ya mwanamke katika baadhi ya mambo, nao ni watu wa Abu Hanifa. Mukhlisa alishughulikia mambo ya ndoa na familia kwa miaka 20, hata akakamatwa na kuuawa kwa risasi mwaka 1937.

Daftari la bibi

Haya tungeweza kuyasoma vitabuni. Lililotugusa mtima lilikuwa jikoni.

Kijana wetu amepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kitatar aliyekwisha pita miaka 80. Humwita «ebi», yaani bibi. Siku ya nne ebi alituandalia chakula. Alitupikia echpochmak, ambayo maana yake ni pembe tatu: unga uliokunjwa kama sambusa yetu, ndani muna nyama, viazi na vitunguu, ila huokwa haikaangwi, na juu huachwa tundu la kutilia supu. Akaleta chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikamanishwa kwa asali, vitu vya harusi hivyo. Na chai akaitia maziwa. Mama watoto alipoonja chai ile aliinua macho akasema kwamba sasa amefika kwa watu. Akampa ebi kanga mbili, na kofia ya mkono aliyoishona mwenyewe, kwa mjukuu wake.

Baada ya kula, ebi alifungua sanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Kilikuwa daftari dogo, karatasi zimekuwa rangi ya majani makavu. Kijana wetu akatufasiria: ni la bibi yake ebi, aliyekuwa abistai kijijini katika miaka ya kwanza ya karne iliyopita. Ebi mwenyewe hazijui herufi zile. Imamu wa mtaani amekwisha kumsomea mara nyingi, lakini kila mgeni anayejua kusoma humwomba amsomee tena, kwa kuwa apenda kuisikia.

Tukalifungua. Lugha hatuijui, lakini herufi ni zetu. Kumbe hayakuwa maandishi ya kuhitaji lugha. Yalikuwa majina. Fatima, na baba yake. Aisha, na baba yake. Maryam. Zaynab. Khadija. Na mbele ya kila jina, neno moja la pale alipofikia: Iman Sharti, Haftiyak, Qur'ani. Tukasoma polepole. Tulipokosea matamshi, ebi alitusahihisha bila kuangalia karatasi, kwa kuwa alikuwa amekwisha yahifadhi. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha karatasi nyeupe mpaka mwisho.

Tukauliza kwa nini limekatika. Ebi akasema kuwa siku zilipokuwa mbaya, bibi yake aliendelea kusomesha ila aliacha kuandika, kwa sababu jina lililoandikwa laweza kumwangamiza mwenyewe. Yeye ebi alisomeshwa namna hiyo, bila kitabu, wakikanda unga. Sura moja kwa kila kinyunya. Mtu akibisha mlango, bibi hugeuza maneno papo hapo akauliza khabari za ng'ombe. Qur'ani yenyewe ilikuwa chini ya pipa la unga, na yeye hakuiona mpaka alipokuwa msichana mkubwa.

Mama watoto akatugusa: «Mwandike na yeye. Jina lake limekosekana.» Tukatoa kalamu. Kijana akamfasiria. Ebi akaweka kiganja juu ya daftari, akakataa kwa upole. Alisema: «Hapana. Mimi sikuhitimu. Nina sura kumi na moja tu.»

Kisha akatuuliza swali. Kwenu, nani alikufundisha kusoma Qur'ani? Tukamjibu kwa furaha kuwa ni mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana akafasiri, na ebi akafurahi sana. Akauliza tena: na sasa, nyumbani mwake, nani anasomesha?

Kijana wetu alifasiri swali lile, kisha akainamisha macho, kwa kuwa jibu alilijua.

Jibu tulilokuwa nalo

Wasomaji wetu wapenzi, tuseme ukweli. Mama yetu alisomesha wasichana ukumbini kwa zaidi ya miaka 30. Kila alasiri mkeka ulitandikwa, na vibao vikapangwa ukutani. Wengi wa mama wanaosoma makala haya huenda walikaa juu ya mkeka kama ule kwa mwalimu wao wa mtaani. Hakutoza ada. Aliyeweza alileta kibaba cha mchele, na asiyeweza alileta salamu za mama yake. Alipofariki, binti yetu mkubwa alituomba aendeleze. Tulikataa. Tulimwambia kuwa zama hizo zimepita, kuna madrasa kubwa zenye mabasi na sare, na nani atamleta mtoto kukaa chini ukumbini? Tena tulikuwa na haja ya ukumbi ule. Tukaufanya ghala.

Tulitamka maneno hayo sisi, mwana wa mwalimu yule, sheikh wa kupanda mimbari. Hatukuzuiwa na Tsar wala polisi, na hatukuambiwa na mtu yeyote tufiche msahafu chini ya pipa la unga. Mkeka tuliukunja wenyewe.

Tulimjibu ebi kwa neno moja: hakuna. Naye hakutulaumu. Alitutilia chai nyingine.

Hatusemi kuwa madrasa kubwa hazina faida. Zina faida kubwa, nasi tunasomesha katika mojawapo. Lakini Kazan imetuonyesha kuwa jengo, hata likiwa zuri, laweza kuondolewa kwa siku moja. Anachofundishwa mtoto na mama au bibi wakati wa kukanda unga huwa hakina mlango wa kufungwa. Na tena, madrasa humpokea mtoto kwa saa mbili, kisha humrudisha nyumbani. Akikuta nyumba haijui alichosomeshwa, hukiacha mlangoni pamoja na viatu.

Kwa hiyo twawausia dada zetu na kujiusia nafsi zetu mambo matatu mepesi. La kwanza, kila mama achague wakati mmoja wa siku, hata uwe wa dakika kumi, wa kusoma pamoja na watoto wake. Na asiyejua asione haya kuanza nao herufi moja. La pili, bibi na nyanya walio hai waulizwe walisomeshwa na nani na walisomeshwa nini, na majina hayo yaandikwe, maana hatuna wa kutukataza kuandika. La tatu, wenye maandishi ya wazee wao ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi, barua au madaftari, wasiyatupe wala wasiyaache yaliwe na mchwa. Wawasomeshe watoto wao wayasome, kabla hatujafika mahali pa kumwomba mgeni atusomee bibi zetu.

Ama sisi, tulirudi Mombasa siku ya Jumatano. Alkhamisi tulitoa mabunda ya makuti na madebe ya rangi kutoka ukumbini. Mkeka wa mama tuliukuta nyuma ya kabati, umeliwa ukingoni na panya, na vibao vilikuwa saba, kimoja kimepasuka. Binti yetu alisimama mlangoni akitutazama, hakusema neno. Tukamwomba radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo wazazi wengi hulionea uzito.

Hivi sasa ana wasichana tisa, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano baada ya alasiri. Paa letu bado lavuja upande wa jikoni. Na juma lililopita alituonyesha daftari jipya alilolinunua dukani, amelipigia mistari. Upande mmoja ni majina, na upande wa pili ni pale kila mmoja alipofikia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu na walimu wote wanawake waliosomesha bila kutajwa, wa pwani yetu na wa kando ya mto Idel, ampe ebi umri na afya, na azifanye nyumba zetu kuwa chuo cha kwanza cha watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.